Mavi ya Chuma ya Rufiji

Anayesafiri leo kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti, Ikwiriri na Umwe, akavuka Daraja la Mkapa bila kushuka garini. Kabla daraja hilo la mita 970 halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na hata baada ya hapo kipande cha kilomita 60 cha Ndundu–Somanga kiliendelea kuwatesa abiria kila masika. Lami ilipofika, watu walishukuru Mungu, na walikuwa na haki. Tatizo ni kwamba greda huanza kazi kwa kukwangua udongo wa juu, na ndani ya udongo huo ndimo ilimolala historia ya kale ya nchi hii.

Historia yenyewe haina magofu. Wakulima wa kwanza wa ukanda huu walijenga kwa miti na udongo, na nyumba zao zilioza zamani. Ardhi yenye unyevu na joto hula mifupa, na chuma huliwa na kutu. Vinavyobaki ni vigae, makaa, na yale ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Limbo, kaskazini mwa Rufiji, katika eneo lililokuwa chini ya Wilaya ya Kisarawe wakati huo. Alichokikuta ni kiwanda: mavi ya chuma kwa wingi, vipande vya mabomba ya udongo ya kupulizia hewa, na vyungu vya Zama za Mwanzo za Chuma. Waliofanya kazi pale waliishi takriban miaka 2,000 iliyopita.

Shika kipande kimoja cha mavi hayo. Ni kizito kuliko unavyotarajia, cheusi, na upande mmoja una mikunjo kama uji uliomwagika ukagandia pale pale. Pengine utaona alama ya kipande cha mkaa, mistari ya mti bado ikisomeka. Maana yake ni hii: mawe yenye chuma yalipangwa pamoja na makaa tanuruni, mivuba ikapuliza kwa saa nyingi, uchafu wa jiwe ukayeyuka ukatiririka, chuma kikabaki kama donge la kufuliwa. Mhunzi aliondoka na donge. Takataka alituachia sisi, na mkaa uliomo ndani yake ndio unaopimwa kwa kaboni ili kujua umri.

Kwingineko duniani nako takataka za moto zimesema mengi. Nchini Ireland, barabara kuu zilipojengwa, wachimbaji walitangulia mbele ya matingatinga na kufukua mamia ya vilima vidogo vya mawe yaliyopasuka kwa moto. Vingi ni vya Zama za Shaba: watu walichoma mawe, wakayatupa majini ili maji yachemke, kisha wakayarundika kando. Kabla ya barabara, mkulima alivilima tu.

Turudi Rufiji. Mwaka 1999 Chami alichapisha habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti, pamoja na vyungu vya wakulima wale wale. Kwa maelezo yake, zilitoka katika ulimwengu wa Warumi. Shanga yenyewe hupotea kirahisi kwenye wavu wa chekecheo ukiwa na haraka.

Hapo linazuka jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko shanga. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinasema wafanyabiashara walileta pwani hii mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Soko la mwisho waliliita Rhapta. Kwa muda mrefu wasomaji walidhani watu wa pwani walinunua chuma kwa sababu hawakukijua. Limbo imeivunja dhana hiyo: chuma kiliyeyushwa hapa hapa, na cha ng'ambo kilinunuliwa juu yake, kama sisi tunavyonunua majembe ya dukani huku mhunzi wa kijiji bado anafua.

Chami ameitafuta Rhapta upande wa delta ya Rufiji na Kisiwa cha Mafia. Wengine hawajakubali, na kwa maoni yangu shanga peke yake hazitoshi kuthibitisha mji. Zinathibitisha biashara, nalo si jambo dogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa. Lakini tathmini inayofanywa kupitia dirisha la gari haitaona kitu; njia lazima itembelewe kwa miguu, macho yakiwa chini, kabla greda halijashushwa. Nanyi wa Umwe na Kibiti mnaochimba msingi, kisima au shimo la kifusi: mkikuta mawe meusi mazito yenye mikunjo, pamoja na vigae, yaacheni pale pale na mpeleke habari ofisi ya kijiji, ili ifike Idara ya Mambo ya Kale.