Vidole vya Mbinguni

Katika karne ya kumi na tano, zama ambazo Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa elimu ya bahari, alikuwa akitunga vitabu na mashairi yake, mojawapo likieleza njia ya Sofala, marubani wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa vidole: duara zima la falaki walilikata vidole 224, na kila kidole wakakigawa zamu 8. Ukipiga hesabu utaona kwamba kidole ni digrii moja na dakika 36 hivi, nayo kwa msafiri wa kusini au kaskazini ni masafa ya maili 96 za baharini. Zamu, basi, ni maili 12. Na maili 12 si haba, kwani ndani yake chaweza kufichika kisiwa kizima pamoja na miamba yake.

Ala yenyewe, iitwayo kamal, ilikuwa kibao chenye uzi wa mafundo uliopita katikati. Rubani aliuma uzi kwa meno, akakisogeza kibao hata ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota, kisha akatazama fundo. Atakayeuliza kwa nini hawakuongeza mafundo ili wapate robo ya zamu, namjibu kwamba jahazi haliishi kupanda na kushuka, na upeo wa usiku hauonekani sawasawa, hata fundo la ziada lingezidisha idadi tu, lisizidishe ilimu. Tena nyota ya Jaa, yaani ile ya kaskazini, wakati ule ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa zaidi ya digrii 3. Aliyeipima asizingatie manzili za mwezi, zilizomjulisha nyota hiyo iko upande gani wa ncha, aliweza kukosea vidole viwili, na zamu zake zote zikawa pambo.

Vasco da Gama naye alichukua astrolabu kubwa ya mti, yenye kipenyo cha shibiri tatu, ili alama zake zisibanane. Lakini, asimulia mwanahistoria Mreno João de Barros, mwaka 1497 ilimlazimu kuiteremsha pwani, kusini mwa Afrika, ndipo alipime jua. Alipofika Malindi mwaka 1498 akamwonyesha astrolabu rubani aliyepewa, Mwislamu wa Gujarat kwa kauli ya Barros, wala si Ibn Majid kama wengi walivyozoea kudai, yule bwana hakustaajabu hata kidogo, bali alimtolea ala yake mwenyewe, ya vibao vitatu.