Umri, Ulemavu na Ada: Historia ya Msaada wa Masomo kwa Watu Wazima Kando ya Ziwa Victoria

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza swali ambalo mara nyingi humfikia mchungaji wa usharika kabla ya kufika katika ofisi yoyote ya serikali: mtu mzima mwenye ulemavu, aliyepata nafasi ya chuo, atapata wapi fedha za kusomea? Tumechagua kulitazama swali hili kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Sababu ni kwamba historia ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania ilipita hapa mara mbili, na mara zote mbili iliacha alama. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba msaada wa masomo umekuwa ukihesabu miaka ya mwanafunzi. Zamani mwombaji alitakiwa awe amefanya kazi kwanza. Siku hizi anatakiwa asiwe amechelewa. Kwa hesabu zote mbili mtu mwenye ulemavu amejikuta nje.

Ziwa kama shule ya watu wazima

Kati ya 1968 na 1972 serikali, ikisaidiwa na UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, iliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Makao ya mradi yalikuwa Mwanza. Vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, uvuvi, migomba na ng'ombe, yaani kazi za mikono ya watu wenyewe. Mradi huo ulithibitisha kwamba mtu mzima anafundishika, na kwamba taifa linaweza kugharimia elimu yake bila kumdai chochote.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ulio kando ya ziwa hilo hilo. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilipangwa itimie mwaka 1977. Lakini lilikuwa na sehemu ya pili iliyohusu Chuo Kikuu. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Chuo Kikuu kiliwekwa wazi kwa mtu mzima, na gharama zilibebwa na serikali.

Hatuna budi kuisifu nia hiyo. Hata hivyo, yatupasa tuulize: mtu asiyeona au asiyetembea angempata wapi mwajiri wa kumpendekeza? Sheria ya kwanza ya ajira kwa watu wenye ulemavu ilitungwa mwaka 1982, miaka minane baada ya Azimio. Ndiyo iliyowataka waajiri wenye watumishi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa ajili yao. Sharti la kazi lilitangulia, na haki ya kazi ikafuata nyuma.

Lipo fundisho jingine katika historia hii. Sharti hilo lilipoanza kutumika, idadi ya wanawake Chuo Kikuu ilipungua, kwa kuwa wengi walikwisha kuolewa na kulea kabla ya miaka ya kazi kutimia. Viongozi waliliona jambo hilo, na kabla ya muongo ule kwisha wanawake waliondolewa katika sharti. Basi taifa limewahi kukiri kwamba kanuni moja kwa wote yaweza kuwa dhuluma kwa baadhi, na likairekebisha upesi.

Miaka iliyocheleweshwa

Kwa nini mtu mwenye ulemavu hufika chuoni akiwa mtu mzima? Shule za kumpokea zilikuwa chache na za mbali. Kazi hii ilianzishwa na makanisa: Waanglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, Wakatoliki kwa viziwi wa Tabora, na Walutheri kwa wasioona wa Irente, Lushoto, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzazi wa Ukerewe au Sengerema aliyetaka mtoto wake asiyeona asome ilimbidi amvushe ziwa na kumsafirisha mbali, au amngoje akue. Wengi walingoja.

Kuanzia mwaka 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ilipatwa na msiba mwingine: mauaji ya watu wenye ualbino. Watoto waliondolewa makwao na kuhifadhiwa katika shule kama Mitindo, Misungwi, na Buhangija, Shinyanga. Wengine walianza masomo wakiwa wamechelewa, wengine waliyakatiza kwa sababu ya hofu. Shirika la Under The Same Sun, lililoanzishwa Kanada mwaka 2008, liliwalipia baadhi yao masomo. Watoto wale sasa ni watu wazima.

Tufanye hesabu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 12 atamaliza kidato cha sita akiwa na miaka 25, hata asipopoteza mwaka mmoja njiani. Tena wako wale ambao ulemavu uliwajia ukubwani: mvuvi aliyepofuka, dereva aliyekatwa mguu akiwa na miaka 38. Hao wanahitaji chuo ili waanze kazi mpya.

Kutoka ruzuku hadi mkopo

Serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu mwaka 1988, ikaanza kuitekeleza kwa awamu katika miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria mpya iliyochukua mahali pa zile za 1982.

Katika utaratibu wa Bodi, wenye ulemavu wamo miongoni mwa wanaotangulizwa, hali kadhalika wale ambao wazazi wao wana ulemavu. Mwombaji hupeleka fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imetolewa pia kwa stashahada katika fani zilizoteuliwa. Haya ni mema. Lakini miongozo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo: mwombaji asizidi miaka 35, na awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Mvuvi na dereva tuliowataja hawamo.

Aidha, mkopo ni deni. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Asiyeona hukatwa sawa na mwenzake, ingawa yeye analipa pia wa kumsomea na wa kumwongoza, na kila safari humgharimu nauli mbili.

Wajibu wa Kanisa

Tukisoma 2 Samweli 9 twaona kwamba Mefiboshethi, aliyelemaa miguu tangu akiwa na miaka mitano, alipokumbukwa na Daudi alikuwa mtu mzima mwenye mtoto. Daudi hakungoja aje mwenyewe. Alituma watu wamlete kutoka Lodebari. Wala hakumpa kiti mezani tu: alimrudishia mashamba, akamwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wamlimie. Msaada ule ulihesabu pia mikono ambayo Mefiboshethi angeihitaji.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mchungaji awafahamu mapema watu wa usharika wake wanaohitaji, awasaidie kupata cheti na fomu ya mganga kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Mtu wa visiwani hawezi kuyamaliza haya kwa siku moja. Pili, sharika na dayosisi zitenge fungu kwa yale ambayo mkopo hauyafikii: msomaji, kiongozi, karatasi za nukta nundu, kiti cha magurudumu, nauli ya pili, na kwa wale waliopita miaka 35, ada yenyewe. Tatu, Kanisa liiombe serikali iwaondoe wenye ulemavu katika ukomo wa umri, kama wanawake walivyoondolewa katika sharti la Musoma.

Vyuo vyetu vya theolojia navyo vijihoji. Kama sharti la umri limo katika fomu zetu wenyewe za kuingilia, hatuna haki ya kulidai serikalini kabla hatujalifuta kwetu.