Madai ya Kampuni ya Jairam Shivji na Mwambao Wetu wa Tanganyika

Kwetu Minago, kijiji cha wavuvi kati ya Bujumbura na Rumonge, mama yangu huuza ndagala kwa mkopo. Daftari lake lina majina upande mmoja na fedha upande wa pili. Mtu akilipa, mstari unapigwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjumlishia, na mapema nilijifunza kwamba jumla ya madai peke yake haisemi kitu. Sharti uulize nani anadaiwa na atalipa kwa nini. Katika insha hii nalitumia swali hilo kuyachunguza madai ya kampuni ya Jairam Shivji, mkopeshaji mkubwa wa Zanzibar katika karne ya 19.

Kampuni hiyo, yenye asili ya Kutch nchini India, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi: ilimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, kisha ikajikusanyia ushuru. Faida iliyopatikana hapo ilikopeshwa. Burton alipojiandaa kwenda bara mwaka 1857, alisaidiwa kupata bidhaa za safari na Ladha Damji, wakala wa kampuni. Jairam alifariki mwaka 1866. Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873, aliripoti kwamba vitabu vya kampuni vilionyesha mtaji wa pauni 434,000 hivi uliowekwa katika mikopo na rehani Afrika Mashariki. Takriban 60,000 walidaiwa Sultani na jamaa zake. Kiasi kama hicho walidaiwa Waarabu wafanyao biashara ya bara.

Kwa hiyo mkusanya ushuru alikuwa amegeuka mdai wa dola nzima. Lakini zile 60,000 mbili hazikuwa sawa. Sultani alikuwa na forodha, na deni lake liliweza kukatwa humohumo katika kodi aliyostahili kulipwa. Mfanyabiashara wa bara aliweza kuweka rehani shamba au nyumba, lakini malipo yenyewe aliyategemea safarini. Alichukua nguo na shanga kwa mkopo, akapita Tabora hadi Ujiji, na ilimlazimu arudi na pembe za ndovu. Zisipopatikana kwa kununua, wengine walizitafuta kwa bunduki, na watu pia wakauzwa.

Shinikizo hilo lilifika kwetu. Katika miaka ya 1880 Rumaliza, aliyekuwa na ngome yake Ujiji, alitaka kuutawala mwambao wa kaskazini ya ziwa, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Sidai kwamba deni peke yake lilileta vita. Tamaa ya utawala nayo ilikuwapo. Nasema tu kwamba msafara wenye deni haukuweza kurudi mikono mitupu.

Mikopo hiyo inaweza kusifiwa kwa kuifungua njia ya bara. Ni kweli, bila mkopo misafara mingi isingeondoka pwani. Hata hivyo, katika hesabu aliyoieleza Frere wamo Sultani na wafanyabiashara. Mvuvi wa mwambao huu hayumo, kwa kuwa hakukopa chochote. Katika daftari la mama, anayelipa ni yule aliyeandikwa. Katika lile la Zanzibar, sehemu ya deni ililipwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kamwe.