Neno "Shoga" na Historia ya Kukubaliwa Katika Jamii ya Pwani

Dai kwamba mapenzi ya jinsia moja yaliletwa pwani ya Kenya na Wazungu limezoeleka mno katika mijadala ya umma. Dai hilo linaweza kupimwa kwa ushahidi ambao mhakiki wa fasihi anaufahamu vyema, nao ni ushahidi wa maneno.

Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili uliochapishwa kwanza mwaka 1870, alieleza kuwa "shoga" ni jina waitanalo wanawake marafiki. Aliongeza kwamba kule Lamu neno hilohilo lilimtaja mwanamume anayelaliwa na wanaume wenzake. Utawala wa Uingereza ulitangazwa mwaka 1895. Ni dhahiri, basi, kwamba watu hawa walijulikana na kupewa jina kabla ya mkoloni kutawala.

Hata hivyo, kujulikana si kuheshimiwa. Mafundisho ya dini yalilikataza tendo hilo tangu kale. Aidha, Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu Mombasa, alibainisha kwamba cheo na mali ndivyo vilivyopima hadhi ya mtu. Shoga maskini alipata nafasi katika ngoma za arusi na ufadhili wa matajiri, ila hakupata usawa nao. Wanaodai kwamba zamani palikuwa na uhuru kamili nao pia wamekosea.

Kilichotoka ng'ambo ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilianza kutumika Afrika Mashariki mwaka 1897, kisha ikafuatwa na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Kifungu cha 162, chenye kifungo cha hadi miaka 14, kilirithiwa baada ya uhuru. Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwanyima watu hawa usajili wa shirika lao ni ubaguzi.

Wakati huohuo, jina lililokuwa la mahaba baina ya wanawake limegeuka tusi vinywani mwa wengi. Mabadiliko hayo ya maana ni sehemu ya historia ya kutengwa. Mhakiki anayelikuta neno hilo katika matini hana budi kuuliza limetamkwa na nani, dhidi ya nani, na katika enzi ipi.