Msuluhishi yupi?

Hati nyingi za bima ya moto zina kifungu, aghalabu kuelekea mwisho, kinachosema kwamba mwenye bima na kampuni wakitofautiana juu ya kiasi cha fidia, tofauti hiyo itapelekwa kwa mtu wa tatu aamue. Tuseme mwenye hati ana nyumba ya kupangisha pale Somanda, mjini Bariadi, na yeye mwenyewe anaishi London. Nyumba imeungua, miezi inapita, kampuni haijalipa wala haijakataa. Anampigia mdogo wake aifungue hati. Mdogo anasoma Kiingereza chake, anatafsiri palepale: "Kaka, hapa wanasema ikishindikana twende kwa msuluhishi."

Mdogo hakukosea. Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15, inamwita mtu huyo hivyohivyo. Shida ni kwamba kuna msuluhishi wa pili, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Na yupo wa tatu, wa mahakamani, anayepewa shauri la madai kabla halijaanza kusikilizwa. Watatu hao wanatofautiana kwa gharama, kwa mamlaka, na kwa mahali wanapopatikana. Aliye Bariadi akibisha mlango usio wake atapoteza nauli na siku chache. Aliye ng'ambo atapoteza miezi, maana kila hatua yake inahitaji karatasi iliyogongwa muhuri mbali na nyumbani.

Msuluhishi wa pili ndiye ninayetaka kumweleza hapa, kwa sababu ndiye aliyetafsiriwa kwa taabu kuliko wenzake. Kwa Kiingereza anaitwa "ombudsman", nalo si neno la Kiingereza. Ni la Kiswidi. "Ombud" ni mtu anayesimama badala ya mwingine. Hata leo, mahakamani Uswidi, anayemwakilisha mdai huitwa ombud. Katiba yao ya 1809 iliweka afisa wa bunge wa kuwaangalia watumishi wa umma wasiwaonee raia, na jina likashikamana na kazi hiyo. Lilikaa Skandinavia muda mrefu. Denmark iliweka wake mwaka 1955, New Zealand ikafuata 1962.

Tanzania haikuchelewa. Katiba ya muda ya 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ikaanza kazi 1966, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Hakuna nchi ya Afrika iliyotutangulia. Tume ilizunguka mikoani kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji wa serikali na chama, ikipeleka taarifa zake kwa Rais. Angalia jina walilolichagua: hawakumtaja mtu, walitaja kazi, uchunguzi. Mwaka 2001 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na neno uchunguzi likaondoka kwenye jina. Wakenya wana Tume ya Haki ya Utawala, yenye kaulimbiu "Hata Mnyonge Ana Haki", lakini mtaani na magazetini wengi wanasema Ombudsman tu. Rwanda wamepata neno lao, Umuvunyi, nalo limekaa vizuri.

Mpaka hapo, anayelalamikiwa ni serikali. Kampuni binafsi zililiazima neno baadaye. Mwaka 1981 kampuni kadhaa za bima Uingereza zilianzisha zenyewe ofisi ya kusikiliza wateja waliokwama, zikaipa jina la ombudsman, labda kwa sababu lilikuwa na heshima ambayo bima haikuwa nayo. Ofisi hiyo ilikuja kumezwa na Financial Ombudsman Service, iliyoanza rasmi 2001. Ajabu ni kwamba Uswidi kwenyewe, aliyecheleweshewa fidia ya nyumba haendi kwa ombudsman wa bunge. Yule anashughulika na mamlaka za umma. Migogoro ya wateja na kampuni ina bodi yake nyingine.

Sheria yetu ya Bima ilifuata njia ya London, na ilipofika kwenye Kiswahili haikulikumbuka jina la 1966. Kwa hiyo neno moja liliingia nchini mara mbili kwa milango miwili: kwanza likawa uchunguzi, halafu likawa usuluhishi. Kanuni za ofisi hiyo zilitoka 2013. Iko Dar es Salaam, na mlalamikaji halipishwi.

Je, msuluhishi ni jina zuri kwake? Nusu. Suluhu kwa Kiswahili ina watu wawili waliokosana, na kila mmoja anaachia kidogo. Mume na mke wanasuluhishwa, wafugaji na wakulima wanasuluhishwa. Dai la bima lina sura nyingine. Mtu amelipa michango yake, nyumba imeungua, mkataba unasema alipwe. Akiitwa kusuluhishwa anaweza kudhani anatakiwa kupunguza haki yake ili amani irudi, na kuna mawakala wa kampuni ambao hawatakuwa na haraka ya kumsahihisha. Kumbe ofisi ile huanza kwa kuzikutanisha pande mbili, na ikishindikana inaamua. Usukumani hili lisingemshangaza mtu: dagashida, baraza la wanakijiji, linapatanisha na pia linatoza faini, na hakuna anayeliona dogo kwa sababu lilianza kwa maneno ya upole. Lakini Kiswahili cha sheria hakijaonyesha nusu hii ya pili kwenye jina. Mimi ningeliacha jina lilivyo, maana limeshaingia kwenye vibao na fomu, ila pasiwe na anayelitamka bila "wa bima" nyuma yake.

Anayepaswa kuhamishwa jina ni yule wa kwanza, wa Sura ya 15. Yeye hapatanishi. Pande mbili humchagua na kumlipa, naye husikiliza ushahidi kama hakimu, na tuzo yake husajiliwa mahakamani ikakazwa kama hukumu. Kumwita msuluhishi ni kumpa koti la mtu mwingine. Na tunalo neno bora, tena kwenye sheria zetu wenyewe: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi iliyozaliwa na sheria ya 2004, inazitenganisha hatua hizi mbili waziwazi. Kwanza usuluhishi, halafu uamuzi. Mfanyakazi wa kinu cha kuchambua pamba pale Maswa aliyeachishwa kazi anaijua tofauti hiyo kuliko wanasheria wengi wa bima. Kama kifungu cha hati ya moto kingetafsiriwa "mwamuzi", mdogo mtu asingemchanganya kaka yake.

Wa tatu, wa mahakamani, hana utata mwingi. Tangu 1994 kanuni za mashauri ya madai zinataka pande zijaribu kupatana kabla ya kusikilizwa, na msuluhishi hapo kwa kawaida ni jaji au hakimu ambaye siye atakayeisikiliza kesi. Ukifika kwake maana yake umeshafungua kesi, na pengine umeshaweka wakili.

Sasa turudi kwa mtu wa London. Silika yake ni kuandika kwa Financial Ombudsman Service, kwa kuwa kazini wamemwambia kampuni ya bima huko hupewa wiki 8 kujibu lalamiko, kisha mteja anaruhusiwa kwenda mbele. Watamjibu kwa adabu kwamba si lao. Sheria ya Tanzania inataka mali iliyoko nchini ikatiwe bima na kampuni iliyosajiliwa nchini, isipokuwa Kamishna wa Bima ameruhusu vinginevyo. Basi mkataba ni wa huku, kampuni ni ya huku, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Wakili wa London anaweza kuandika barua nzito yenye nembo, lakini hawezi kusimama mbele ya hakimu wa Tanzania kwa leseni ya Uingereza.

TIRA imekuwa ikizikumbusha kampuni muda wa siku 45 wa kulipa dai lililokamilika nyaraka. Neno la kushika hapo ni "lililokamilika". Ucheleweshaji mwingi unajificha humo. Kampuni inaomba taarifa ya polisi. Ikipatikana inaomba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ikipatikana inaomba hati ya kiwanja, halafu makisio ya gharama za ujenzi, halafu inamsubiri mtathmini wa hasara atoke Mwanza. Kila ombi peke yake lina maana. Yakija moja moja kwa mwezi, siku 45 hazianzi kuhesabiwa. Dawa yake ni barua moja inayoitaka kampuni itaje kwa mara moja kila karatasi inayopungua, na nakala ya barua hiyo iende TIRA. Barua hiyo haihitaji wakili. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuisaini.

Hapo ndipo istilahi ya pili inapomkwaza aliye ng'ambo. Familia nyingi humtuma kaka au mjomba na barua ya mtendaji wa kata. Barua ile inamtambulisha mtu. Haimpi mamlaka juu ya mali ya mwingine, na kampuni ikiikataa haijafanya hila. Kinachotakiwa ni hati ya uwakilishi, ambayo wengine huiita nguvu ya kisheria. Husainiwa mbele ya mthibitishaji wa nyaraka huko aliko mwenye mali, hupitishwa ubalozi wa Tanzania, na ikifika nyumbani hulipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa. Walioko Muscat wana mtego wao: kwa Kiarabu cha ofisi za Oman hati yenyewe ndiyo inaitwa wakala. Mtu akimwambia nduguye wa Bariadi "nimekutumia wakala", huyu wa Bariadi, ambaye wakala kwake ni yule aliyewauzia bima, anaweza kukaa kibarazani akimsubiri mgeni.

Hati hiyo iandikwe kwa ubahili. Kumruhusu ndugu kufuatilia dai, kupokea barua na kuhudhuria vikao ni jambo moja. Kumruhusu kusaini hati ya kuridhia malipo ni jingine kabisa, kwa sababu saini ile ndiyo inayofunga dai. Akikubali nusu ya fidia kwa kuwa fundi anadai na mvua zinakaribia, mwenye nyumba hatakuwa na pa kushika. Na fedha ziagizwe kuingia kwenye akaunti ya mwenye bima. Hilo si kumvunjia ndugu heshima. Ni kumkinga pia na maneno ya ukoo.

Wakili akihitajika, asitafutwe kwa sifa za kwenye kundi la WhatsApp la wana-Simiyu. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili, ambako jina la wakili yeyote wa Tanzania Bara linaweza kukaguliwa kutoka popote kama leseni yake iko hai. Vishoka hawamo humo. Makubaliano ya ada yaandikwe, na yaseme wakili ameajiriwa kwa hatua ipi: kuandika barua ya madai, kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au kufungua kesi. Kwa Msuluhishi wa bima mlalamikaji anaweza kwenda bila wakili, ilimradi ameanza kwa kulalamika kwenye kampuni yenyewe na shauri haliko mahakamani. Kuna wakili atakayekimbilia mahakamani kwa sababu ndiyo kazi anayoijua, na akishafungua kesi mlango ule wa bure umefungwa.

Lipo pia suala la kile kifungu cha mwisho cha hati. Kikitaka mwamuzi wa Sura ya 15, kampuni inaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi mpaka njia hiyo ifuatwe. Vifungu vingi vya namna hii vinahusu kiasi tu, yaani kampuni inakubali kwamba inawajibika ila inabishania hesabu. Kampuni inayokataa kuwajibika kabisa, au inayonyamaza, iko nje ya maneno ya kifungu kama hicho. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada popote, mdogo mtu aifungue tena hati, aupige picha ukurasa mzima badala ya kuutafsiri kwa mdomo, na autume London.

Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, wakati hati nyingi za bima bado ni za Kiingereza. Shauri la nyumba ya Somanda likifika mbele ya hakimu, kifungu kile kitasomwa kwa Kiswahili na mawakili wawili wenye tafsiri mbili, mmoja akisema msuluhishi na mwingine akisema mwamuzi, na hakimu ataandika lile atakaloona lina mashiko.