Kimelea au Kidandia?

Neno kimelea limetuponyoka. Kumelea ni kumea juu ya kitu, kwa hiyo kwa asili yake neno hili lingefaa chochote kiotacho juu ya kingine. Lakini hospitali na shule zimelifunga kwenye maana moja, ya kiumbe anayemnyonya mwenzake: vimelea vya malaria, minyoo ya tumboni. Basi mmea unaokaa juu ya mti bila kuunyonya tuuiteje? Wanabotania husema epifiti, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, "juu" na "mmea".

Jina baya huua. Nimeona watu, ukishuka na Mto Tana kuelekea pwani, wakiibandua okidi kwenye mkoma wakiamini wanauokoa mti. Ilikuwa Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Pale ilipobanduka, gome lilikuwa zima, halina hata tundu. Mizizi yake ni myeupe. Idondoshee maji, itaingia ukijani mbele ya macho yako, kwa kuwa ngozi yake ni kama sifongo. Mingine husimama wima kama sindano na kudaka majani makavu, yaoze yawe mbolea. Mkoma hautoi kitu ila mahali pa kushika. Vimelea hasa ni ile mimea ya kwenye matawi ya migunga ambayo mizizi yake hupenya ndani ya mti na kufyonza maji yake.

Mimi napendekeza kidandia. Anayedandia lori hushikilia tu, hagusi dizeli.

Neno hili linatusaidia hata kuelewa okidi zinaota wapi. Kenya ina zaidi ya spishi 200 za okidi, na vidandia hujazana penye unyevu na ukungu: Kakamega, Taita, miteremko ya Mlima Kenya. Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na katika nyika kame kama hii okidi hushuka ardhini. Mfano ni Eulophia petersii, ya majani manene yenye kingo za msumeno, iotayo vichakani kuanzia Bara Arabu hadi Afrika Kusini. Ulaya nako okidi za porini karibu zote ni za ardhini, ila huko kinachozishusha ni baridi: nyingi hujihifadhi udongoni mithili ya viazi mpaka theluji iyeyuke. Hizi, za nyika na za theluji, hazidandii chochote. Kuziita okidi za ardhini kunatosha.