Pete ya Uchumba na Kipimo cha Ahadi: Mafunzo ya Ujiji

Miongoni mwa maswali yanayowasumbua vijana wetu wafikiapo umri wa kuoa, mojawapo ni hili: pete ya uchumba inunuliwe kwa fedha kiasi gani? Swali hili huonekana dogo, na wengine hulifanyia mzaha, lakini ndani yake limo jambo zito, nalo ni jinsi jamii inavyopima thamani ya ahadi. Katika insha hii tumekusudia kulitazama kwa macho ya historia, tukisimama Ujiji na Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Watu wa hapa walikwisha kulijibu kwa namna yao kabla ya pete ya dukani kuwafikia.

Tuanze na soko. Burton na Speke walipofika Ujiji, mwezi wa Februari 1858, palikuwa tayari ni mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo pwani. Pembe za ndovu zilipita hapa, na pamoja nazo, kwa msiba wa Afrika, walipita watumwa. Misafara ilileta nguo, shanga na waya wa shaba, na waya huo ulisokotwa ukawa vitindi vya kuvaliwa mikononi. Cameron, aliyefika mwaka 1874, alikuta sokoni shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi wavunja fedha waliwapa wanunuzi sofi kwa kubadilishana na shanga nyingine. Soko lilipofungwa wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Kumbe katika mji huu shanga zilikuwa pambo, na shanga zilikuwa fedha. Anayedhani kwamba kupima pambo kwa bei ni ugeni wa juzi, hajaisoma Ujiji.

Lakini pambo halikuwa ndilo lililofunga ndoa. Kilichofunga ndoa kilikuwa mahari. Katika nchi ya Waha mahari ilikuwa ng'ombe, na majembe ya chuma nayo yalikuwa na nafasi yake. Tuangalie mambo matatu. Kwanza, kiasi hakikupangwa na kijana peke yake; wazee wa pande mbili walikaa, wakasemezana, wakapunguziana. Pili, mali haikutoka katika mfuko mmoja. Baba na ndugu walichangia, na kwa hiyo kila mmoja wao akawa na sababu ya kuitunza ndoa ile isivunjike. Tatu, kilichotolewa kilikuwa kitu chenye kazi: ng'ombe huzaa, na jembe hulima.

Uislamu ulioenea Ujiji pamoja na lugha ya Kiswahili uliongeza funzo jingine, kwamba mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake. Masheikh wetu husimulia hadithi ya maskini mmoja aliyetaka kuoa, na Mtume akamwagiza atafute japo pete ya chuma. Hakuipata hata hiyo, naye akaozwa kwa kumfundisha mkewe sura za Kurani alizozijua. Jambo la ajabu ni kwamba Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, naye aliandika kuwa Warumi wa zama zake walimpelekea mchumba pete ya chuma isiyo na kito. Wamisionari wa London Missionary Society walipofika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe mwaka 1879, walikuja na dini ambayo bwana na bibi harusi wake huvishana pete kanisani.

Basi hii pete ya almasi inayowakosesha vijana usingizi imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka katika matangazo ya biashara. Mwaka 1938 kampuni ya De Beers iliwatumia watangazaji wa Marekani kuwashawishi watu kwamba uchumba bila almasi haujakamilika, na katika miaka ya 1980 matangazo yake yaliwaelekeza wanaume watumie mshahara wa miezi miwili. Kipimo hicho hakikutoka kwa mzee yeyote wala katika kitabu chochote cha dini; kilitoka kwa muuzaji. Nasi tusijione tuko mbali na habari hiyo. Mwadui, katika Shinyanga, ndiko ilikochimbwa mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi ambayo Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake.

Tena mshahara wa miezi miwili una maana gani kwa mvuvi wa Kigoma? Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika ufukweni. Mwaka 1914 reli ilipofika Kigoma, soko la samaki lilipata njia mpya, lakini mwezi haukubadilika. Na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ili samaki wazaane. Tulimjua kijana mmoja aliyeweka rehani nyavu zake ili anunue pete ya dhahabu. Harusi ilifana. Giza la mwezi liliporudi, alivua kama kibarua katika mtumbwi wa mtu mwingine. Mkewe alipokubali pete iuzwe, sonara hakutoa hata nusu ya bei ya kwanza, kwa kuwa anayenunua pete hulipia pia kazi ya sonara na faida yake, na anayeuza huuza dhahabu tupu. Nayo dhahabu hutofautiana: ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu halisi katika sehemu 24, na ya karati 9 ina 9 tu.

Sheria ya nchi nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa kukosekana mahari au zawadi za desturi. Zaidi ya hayo, zawadi iliyotolewa kwa sharti la kuoana yaweza kudaiwa mahakamani endapo ndoa haikufungwa.

Kwa hiyo, tukiulizwa kiasi, hatutataja shilingi. Tutasema hivi: pete isinunuliwe kwa deni, wala kwa kuuza chombo cha kazi, na bei yake isifichwe kwa mchumba, kwa maana yeye ndiye atakayeishi na matokeo yake. Wazee wa Buha walikaa kitako wakazungumza kabla ya kutoa. Vijana wawili nao na wazungumze. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi twaongeza kwamba moyo unaopenda hauwezi kumwondolea mpenzi wake chakula cha kesho ili kumpamba leo.